Mitungi ya Heshima ya Ngatani

Waliofika Ngatani ni wachache, na waliorudi hawapendi kuulizwa. Nyamisi alirudi, na aliulizwa sana, maana watu wa kwao ndio waliomtuma. Ukame ulikuwa umeingia mwaka wa pili, visima vimebaki matope, na habari zikaenea kwamba iko nchi nyuma ya milima ya chumvi ambako mvua haijanyesha miaka mitatu, na bado kila nyumba ina mtungi uliojaa maji mlangoni. Wakasema aende mtu akaone wenzao wanafanyaje. Wanaume walitaka kwenda wao, wakabishana wiki nzima nani awe kiongozi wa msafara, mwisho wakachoka wakamtuma Nyamisi peke yake. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, na sifa yake ilikuwa moja: ndoo ya maji ikiingia nyumbani kwake ilifanya kazi nne kabla ya kumwagwa.

Namna alivyofika tuiache. Alipokelewa na karani wa Baraza aitwaye Ndaro, mtu mpole mwenye kola safi, naye akampeleka nyumbani kwake kwa mkewe Sikudhani na binti yao Chiku, mtoto wa miaka sita. Njiani kila waliyekutana naye alimsalimia Ndaro kwa kumuuliza, “Haujafunguliwa?” Na Ndaro aliitikia kwa unyenyekevu, “Haujaguswa.” Nyamisi alipouliza maana yake, mwenyeji wake alishangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

“Ni mtungi,” alisema. “Mtu hata akikosa kila kitu, awe na mtungi ambao haujafunguliwa.”

Mtungi wenyewe ulisimama mlangoni juu ya kigoda, mkubwa, wa udongo mwekundu, kifuniko chake kimezibwa kwa nta na nta imepigwa muhuri. Ulikuwa umejazwa mwaka mvua zilipokatika. Mtaa mzima ulikuwa hivyo, nyumba baada ya nyumba, mtungi baada ya mtungi, na Nyamisi alipoutazama machozi yalimlengalenga kwa kufikiria maji mengi kiasi kile. Akainama kuvua viatu, na kwa kuwa miguu ilikuwa imemchoka akaegemeza kiganja kwenye ubavu wa mtungi asije akaanguka. Sikudhani akamshika mkono haraka.

“Hauguswi, shangazi. Samahani. Hapa kwetu hauguswi.”

Nyamisi akaomba radhi. Lakini kiganja kilikuwa kimekwisha kugusa, na kiganja cha mwanamke aliyekulia jikoni kina kumbukumbu yake. Mtungi ulikuwa wa joto. Ulikuwa na joto lilelile la ukuta wa nyumba uliopigwa jua tangu asubuhi. Kitu kikamwambia kwamba hapo pana jambo, naye akakinyamazisha. Alikuwa mgeni, amefika leo, na mgeni hatii vidole kwenye heshima ya mwenyeji wake. Kunyamaza huko alikuja kukujutia kuliko jambo lolote alilowahi kulifanya maishani.

Sheria za Ngatani kuhusu maji zilikuwa nyingi, na Ndaro alizijua zote kwa moyo. Maji yaliyotumika hayakuwa na hadhi yoyote. Maji yaliyowekwa ndiyo yaliyokuwa na hadhi, na hadhi yake ilizidi kadiri yalivyokaa bila kuguswa. Kijana akipeleka posa, aliusalimia kwanza mtungi wa wakwe. Watu walitambulishana kwa umri wa nta zao. Na kila Jumatatu alipita Mkaguzi wa Nta, Bwana Chande, mzee mnadhifu mwenye brashi laini mfukoni, akapangusa vumbi kwenye muhuri wa kila nyumba, akautazama kwa miwani, akasema “Mzima,” akaenda zake. Mtungi wenyewe hakuugusa. Kuugusa kungekuwa kumshuku mwenye nyumba.

Maji ya kutumia yalitoka kwenye bomba la mtaa, ndoo moja kwa kila nyumba kila asubuhi. Na hapo ndipo Nyamisi alipopigwa na butwaa. Watu hawa waliokesha wakiulinda mtungi waliitumia ile ndoo kana kwamba mto unapita uani. Walisuuza vyombo kwa maji yanayomiminika, wakaoga juu ya mchanga, wakamwaga maji ya kuoshea mboga barabarani. Bomba lenyewe lilivuja. Likishafungwa liliendelea kudondoka mchana kutwa, na chini yake palikuwa na dimbwi walimokunywa kuku. Nyamisi alipouliza kwa nini halitengenezwi, aliambiwa kwamba maji yanayodondoka baada ya bomba kufungwa hayamo katika mgawo wa nyumba yoyote, kwa hiyo hakuna nyumba inayoyapoteza.

“Lakini kuku wanayaona,” alisema Nyamisi.

“Kuku hawana mgawo,” alijibu Ndaro, na hakuwa akitania.

Nyamisi hakuwa mtu wa kukaa na mikono mapajani. Alikata kipande cha mpira wa tairi, akafungua bomba, akabadilisha mpira uliochakaa ndani, na kudondoka kukakoma. Kisha akamfundisha Sikudhani mambo ya kawaida ya kwao. Kuoga umesimama ndani ya karai, na maji ya karai yakafuliwe matambara, na ya matambara yakamwagwe chooni. Kufuta sahani kwa majani kabla ya kuziosha, kisha kuziosha kwenye beseni moja na kuzisuuza kwenye lingine, bila kumimina. Maji ya kuoshea mchicha yanyweshe mche wa mpapai. Maji yaliyochemshiwa mihogo yasimwagwe, yasongewe ugali.

“Maji machafu yapewe kazi ya pili na ya tatu,” alimwambia, “ili yaliyo safi yabaki. Huo ndio ujanja wote, mwanangu, hakuna mwingine.”

Baada ya siku kumi Sikudhani alianza kubakiza sufuria nzima ya maji safi kila jioni. Aliifunika kwa sahani akaiweka pembeni mwa jiko, na Chiku aliweza kunywa kikombe cha ziada kabla ya kulala. Majirani walikuja kuangalia kwa visingizio vya kuomba moto au chumvi. Bi Zamoyoni wa nyumba ya pili alikuja mara tatu, akasimama akitazama yale mabeseni mawili, akaondoka.

Chiku alimpenda mgeni. Alimfuata nyuma kutwa nzima akimuuliza maswali.

“Kwenu mna mitungi?”

“Tunayo.”

“Inafunguliwa?”

“Kila siku. Tunachota kwa kata, tunakunywa.”

Mtoto akafikiri. “Haioni haya?”

Nyamisi alicheka mpaka akaketi chini. Baadaye alikuwa hawezi kulikumbuka swali hilo bila kuondoka mbele za watu.

Jumatatu ya tatu Bwana Chande alipopangusa muhuri wa Ndaro, aliiona ile sufuria kupitia mlango wa jikoni. Akaomba ruhusa, akaingia, akafunua sahani.

“Maji haya ni ya nini?”

“Ya mtoto,” alisema Sikudhani. “Anywe kukiwa na joto.”

“Yametumika?”

“Bado.”

“Basi ni akiba,” alisema Bwana Chande kwa upole. “Na akiba ina mahali pake, mama. Akiba isiyo na nta ni maji yaliyofichwa, nami sitaki kuandika neno hilo kwenye nyumba ya karani wa Baraza.” Akaimimina sufuria katika dumu lake, maji yaende kwenye Mtungi Mkuu wa Baraza, na kwa kuthamini juhudi akafunga utepe wa buluu shingoni mwa mtungi wa mlangoni. Jioni mtaa ulikuja kupongeza. Vigelegele vilipigwa. Ndaro alipokea mikono ya watu akitabasamu, na Nyamisi aliyekuwa akimtazama usoni aliona kwamba tabasamu lile lilikuwa na maumivu ndani yake. Hakuwa mtu mbaya, Ndaro. Ningependa angekuwa mbaya, ningemaliza hadithi hii kwa urahisi zaidi.

Wiki iliyofuata Chiku aliugua tumbo. Aliharisha tangu alfajiri, na kufikia jioni macho yalikuwa yameingia ndani. Nyamisi alijua dawa yake, kila mama anaijua: maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo, sukari kidogo, mtoto apewe kijiko baada ya kijiko bila kukoma. Chumvi ilikuwepo, sukari ilikuwepo. Lakini asubuhi ya pili bomba lilitoa nusu ndoo, na asubuhi ya tatu lilikohoa hewa, likanyamaza.

Ndaro alivaa kola yake safi akaenda Barazani kuomba ruhusa ya kufungua mtungi. Nyamisi akafuatana naye. Sheria ilisema mtungi utafunguliwa Siku ya Shida, na Siku ya Shida itatangazwa na Baraza. Jambo hilo lilikuwa mezani miaka mitatu. Wazee kumi na wawili waliketi nusu duara, nyuma yao Mtungi Mkuu wenye kimo cha watu wawili, na Ndaro aliyezoea kuandika maneno ya wengine akasimama kusema yake.

“Waheshimiwa, mtoto wangu ana kiu.”

Walimsikiliza kwa makini, hilo nikiri. Hakuna aliyepiga miayo. Mwenyekiti akasema kwamba Baraza linaungana na karani wake katika majonzi, na akafungua mjadala. Mmoja akauliza kama kiu ya mtoto mmoja ni shida ya nchi. Mwingine akajibu kwamba nchi ni watoto. Akashangiliwa. Wa tatu, mzee mwenye sauti nzito, akasema yeye haogopi kutangaza Siku ya Shida. Anachoogopa ni kuitangaza mapema. “Tukisema leo ndiyo,” alisema, “na kesho ikawa mbaya kuliko leo, tutakuwa tumekosea siku. Watoto wa kesho watatuuliza maji yao yako wapi.” Wakamkubali wote, hata aliyesema nchi ni watoto. Wakaamua iundwe kamati ya kuitambua siku iliyo mbaya kuliko zote, ambayo kwa kawaida hujulikana ikishapita.

Nyamisi akaomba kusema. “Kwetu mtungi unafunguliwa mtu akiwa na kiu,” alisema, “kisha unajazwa tena kwa yale tuliyobana.”

“Ndiyo maana,” alisema mwenyekiti kwa huruma ya kweli, “mmekuja kujifunza kwetu.”

Ndaro akarudi nyumbani na karatasi yenye muhuri: Ombi limepokelewa. Akamwonyesha mkewe. Sikudhani aliisoma, akaikunja vizuri, akaiweka dirishani. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, midomo imepasuka, halii tena. Mtoto mgonjwa akiacha kulia nyumba inakuwa na ukimya wake, na asiyewahi kuusikia amshukuru Mungu.

Sikudhani akachukua mchi wa kinu akatoka mlangoni. Ilikuwa saa sita mchana, mtaa mzima uko vibarazani ukimtazama. Ndaro akasimama mbele ya mtungi, mikono imetanuka.

“Mama Chiku, kesho kutwa wanakaa tena.”

“Ondoka hapo, baba Chiku.”

Aliondoka. Nadhani alikuwa akingoja mtu amwambie. Sikudhani akaivunja nta kwa pigo moja, utepe wa buluu ukaanguka, akanyanyua kifuniko, akatumbukiza kata, na kata ikakwaruza udongo mkavu.

Aliichomoa akaitazama. Akaingiza mkono hadi begani. Chini palikuwa na ukoko mweupe wa chokaa, kama unaobaki kwenye birika, na buibui mmoja aliyekufa. Maji ya miaka mitatu hayakuwemo.

Ndipo kiganja cha Nyamisi kilipomkumbusha. Mtungi wa udongo hutoka jasho. Ndiyo sababu maji yake ni baridi: yanapenya polepole kwenye kuta, yanakauka juani, na yale yaliyobaki ndani yanapoa. Mtungi unaochotwa na kujazwa haudhuriki kwa hilo. Mtungi uliofungwa na kuachwa unakunywa maji yake wenyewe, tone kwa tone, kupitia ubavuni, huku mkaguzi akiupangusa muhuri na kusema “Mzima.” Bibi yeyote wa kwao angeliwaambia hivyo siku ya kwanza. Yeye mwenyewe angeliwaambia siku ya kwanza. Mtungi wenye maji haupati joto la ukuta. Alilijua hilo huku akivua viatu, akanyamaza kwa adabu.

Sikudhani hakulia. Alikwenda nyumba kwa nyumba na kikombe mkononi. “Nipeni kikombe kimoja, ni cha Chiku.” Na kila nyumba ilimjibu vilevile, macho chini: “Maji yetu yamo mtungini, mama Chiku, na mtungi haujafunguliwa.” Bi Zamoyoni alisema hivyohivyo, kisha akafunga mlango, na nyuma ya mlango akasikika akitembea huku na huku. Nyamisi alimfuata Sikudhani nyuma, na hakujali tena kinachoguswa na kisichoguswa. Kila mlango aliweka kiganja kwenye mtungi. Wa joto. Wa joto. Wa joto. Walimwona, na hakuna aliyemkataza.

Chiku alifariki alasiri, kichwa kikiwa mapajani mwa baba yake. Alikuwa ameomba maji mara moja tu asubuhi ile, kwa adabu, kama alivyofunzwa.

Baada ya hapo kukawa na jambo moja lililobaki kufanywa. Mtoto alipaswa kuoshwa, na hapakuwa na maji ya kumwosha. Sikudhani alikaa sakafuni karibu naye, ndoo tupu pembeni.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Zamoyoni. Aliingia amejitanda khanga, akatoa chini yake kopo la maji safi, akalimimina ndani ya ndoo. Nyuma yake akaingia mwingine na chupa. Akaja mwingine na sufuria ndogo iliyofunikwa kwa sahani. Walikuwa wameyaficha kwenye mapipa ya unga, chini ya vitanda, ndani ya viatu vikubwa vya waume zao. Kila mmoja alikuwa amejifunza yale mabeseni mawili, akabana, akabakiza, akaogopa dumu la Bwana Chande, na kila mmoja aliamini kwamba mtaani ni yeye peke yake. Waliingia kumi na saba. Hawakusalimiana ile salamu yao. Ndoo ikajaa hadi ukingoni, na mmoja akalazimika kubaki na kopo lake mkononi kwa sababu hapakuwa na pa kumimina.

“Wetu niliufungua mwaka jana,” alisema Bi Zamoyoni, akiitazama ndoo. “Mume wangu alipougua. Nikaukuta mtupu, nikauziba nta tena kwa kijiko cha moto. Nilidhani ni wetu tu.”

“Na wetu,” alisema mwanamke mlangoni.

Sikudhani aliinua macho akawatazama wote, mmoja mmoja, kisha akaitazama ndoo iliyojaa.

“Mchana mlikuwa nayo,” alisema.

Nyamisi alisema baadaye kwamba angetamani mama yule angepiga kelele, angewatukana, angeirusha ile ndoo ukutani. Badala yake alikunja mikono ya gauni, akachota kwa kikombe, akaanza kumwosha binti yake, taratibu, chini yake akiwa ameweka karai lisimwagike hata tone, kama alivyofundishwa.

Baraza lilikaa baada ya siku mbili. Liligundua kwamba mtungi wa karani ulikutwa mtupu, na ya kuwa ulikuwa umefunguliwa. Likahitimisha kwamba ulikuwa mtupu kwa sababu ulifunguliwa. Likapitisha sheria ya mihuri miwili. Ndaro, ambaye bado alikuwa karani, ndiye aliyeiandika. Nyamisi alipokwenda kumuaga alimkuta ameketi mlangoni, mkono wake ukiwa juu ya ubavu wa mtungi, amefumba macho, na watu wapitao hawakujua wamsalimie vipi.

Nyumbani walimngoja kwa hamu. Wakamketisha, wakamuuliza wenzetu wanahifadhije maji, wana siri gani. Nyamisi akawaambia ya mabeseni mawili na ya kipande cha mpira, nao wakavunjika moyo, kwa kuwa hayo walikuwa wakiyajua. Wakauliza ya mitungi. Akainuka akaenda nyumba ya kwanza, akaweka kiganja kwenye mtungi wao, ukawa wa baridi. Akachota kikombe kimoja, akasimama nacho katikati ya uwanja, akauliza kama kuna mtoto yeyote mwenye kiu.

Hufanya hivyo mpaka leo, kila asubuhi, nyumba moja hadi nyingine, mvua inyeshe isinyeshe. Wageni humwona ni kichaa. Watu wa pale humpa kata tu, wakampisha.